Kutembea kwa Miguu Kwenye Mwambao na Misitu ya Ziwa Kivu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaotoka Bukavu au Goma wakiwa na siku mbili, tano au kumi za vakansi na wanaotaka kuzitumia kwa miguu, kando ya ziwa na ndani ya misitu inayolitazama. Kama una haraka, soma kwanza jibu la mazuku (hewa ya kuua inayotoka ardhini) na jibu la radi. Mengine yanaweza kungoja.

Kwa nini kilomita kumi za hapa zinachosha kuliko ishirini za barabarani?

Sababu iko katika namna ziwa lilivyozaliwa. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nili. Volkeno za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda na kuzamisha mabonde ya vijito, mpaka yakapata mlango kusini, ndio mto Ruzizi unaoyapeleka Tanganyika. Migongo ya vilima ikabaki nje, imeingia ziwani kama vidole. Bukavu yenyewe imekaa juu ya rasi tano za namna hiyo.

Ndiyo maana upande wa kusini njia haifuati maji kwa unyoofu. Inapanda mgongo, inashuka mpaka ghubani, inavuka kijito, inapanda tena. Kijiji unachokiona ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kusikia jogoo wake, kinaweza kukudai saa mbili kukifikia kwa kuzunguka ghuba. Kwa hiyo ukiulizia njia usiulize kilomita, uliza ghuba ni ngapi na vijito vya kuvuka ni vingapi. Wenyeji watakujibu vizuri zaidi, maana nao huhesabu hivyo.

Kaskazini, upande wa Goma, mambo ni mengine. Ardhi ni lava. Vilima ni vichache, lakini mawe ni makali na maji ya mvua huzama chini mara moja, hata unaweza kutembea nusu siku bila kuona kijito.

Nitajuaje siku moja niende umbali gani?

Kuna kanuni ya Mskoti aitwaye Naismith, ya mwaka 1892, na bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kumbuka kujumlisha mipando yote ya siku. Tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho peke yake haitoshi: ukianzia ziwani na kuishia ziwani tofauti ni sifuri, na huenda umepanda mita 600.

Kanuni hiyo ilifikiriwa kwa mtu mwenye nguvu kwenye njia kavu. Kwa njia zetu, ukiwa na mzigo na matope, zidisha kwa moja na nusu. Mfano: kilomita 14 zenye mipando ya jumla ya mita 600. Kanuni inatoa saa 3 na dakika 48. Ukizidisha unapata saa 5 na dakika 42. Ongeza mapumziko ya dakika kumi kila saa, unafika karibu saa sita na nusu. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, unafika saa sita na nusu mchana, kabla ya mvua ya alasiri. Ukiondoka saa tatu kwa sababu chai ilichelewa, sehemu ya mwisho utaitembea katika mvua na giza litakukuta karibu. Hapa jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na halichelewi.

Weka saa ya kugeuka kabla hujatoka nyumbani. Saa sita ikikukuta hujafika nusu ya njia, rudi au lala kijiji kilicho karibu. Wengi wanaopotea msituni njia waliijua vizuri. Waliitembea usiku tu.

Mwezi gani unafaa?

Juni hadi Agosti ndiyo kiangazi kirefu: njia kavu, vijito vyembamba, ingawa ukungu wa vumbi na moshi huficha milima. Januari na Februari kuna kiangazi kifupi, si cha kutegemea sana. Machi hadi Mei mvua ni nyingi na udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Septemba hadi Desemba asubuhi huwa nzuri na alasiri mbaya. Ukipata likizo miezi hiyo usiifute, ila maliza mwendo kabla ya saa saba mchana.

Mazuku ni nini hasa, na nitaiepukaje?

Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kwenye nyufa za lava, hasa mwambao wa kaskazini kati ya Goma na Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hukaa mashimoni, mabondeni na mifereji kama maji yasiyoonekana. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri huku mtoto au mbwa aliye karibu naye anakufa. Hatari huzidi usiku na alfajiri, pasipo upepo, kwa kuwa hakuna kinachoisambaza.

Ishara zake: panya, ndege, mijusi au wadudu waliokufa wakiwa wamerundikana shimoni, majani yaliyokauka sehemu moja tu huku pembeni yamesitawi, kichwa kuuma ghafla, moyo kwenda mbio, pumzi kufupika. Usitegemee harufu. Wala usijipe moyo kwa kuwasha kiberiti: moto ukizimika tayari umesimama pabaya, na usipozimika hiyo si dhamana, maana mwili hudhurika kabla ya mwali kufa.

Fanya hivi. Usishuke kwenye shimo la lava kujisaidia, kuokota kuni au kukwepa jua. Usitandike hema bondeni. Tafuta mahali palipoinuka, penye upepo. Watoto wabebwe au washikwe mkono, wasitangulie. Uliza wenyeji, kwa sababu sehemu nyingi zinajulikana kwa majina na nyingine zimewekewa vibao. Na la mwisho, tunalisisitiza kwa moyo wote: mtu akianguka shimoni, usimfuate. Kuna waliokufa kwa mazuku wakimwokoa mwingine. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu, umpeleke penye upepo, ndipo umsaidie kupumua.

Radi zinatisha kweli kiasi hicho?

Ndiyo. Vipimo vya satelaiti vya miaka 1998 hadi 2013 viliiweka Kabare, wilaya inayoizunguka Bukavu, kuwa ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi, ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Tumezaliwa tukizisikia, kwa hiyo tumezizoea kuliko inavyofaa.

Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Shuka mgongoni mwa kilima, ondoka majini na ufukoni, achana na mti uliosimama peke yake na kibanda cha wazi kileleni. Ndani ya msitu mnene, kaa kati ya miti mifupi, mbali na mashina makubwa. Kundi litawanyike, hatua ishirini kati ya mtu na mtu, ili mmoja akipigwa wengine wabaki wa kumsaidia. Chuchumaa juu ya mfuko, miguu pamoja, usilale chini. Baada ya ngurumo ya mwisho ngoja dakika 30 ndipo uendelee. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini: mguse, na kama hapumui anza papo hapo kumkandamiza kifua.

Asiyezoea aanzie wapi?

Siku ya kwanza iwe mjini, kwenye rasi za Bukavu, saa tatu tu, na mzigo kamili mgongoni. Lengo ni kujaribu viatu na mikanda ya mfuko ukiwa bado karibu na nyumbani.

Baada ya hapo, kwa safari ya siku kadhaa, njia iliyopangwa vizuri kuliko zote kwenye ziwa hili ni Congo Nile Trail upande wa Rwanda: kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Kwa miguu yote huchukua karibu siku kumi, lakini hakuna anayekulazimisha kuimaliza; vipande vya siku moja au mbili vinatosha, na mwisho wa kipande unapata basi. Anayetoka Goma anavuka mpaka kwenye kivuko cha Petite Barrière na kuanzia Rubavu. Anayetoka Bukavu anavuka Ruzizi na kuianza kinyume, kutoka Kamembe, mji wa Rusizi.

Kwa msitu halisi kuna Nyungwe, ambao ni mbuga ya taifa tangu 2004 na uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2023. Una aina 13 za nyani na jamaa zao, na ndege zaidi ya 300. Ukitoka Kamembe unafika Gisakura, kwenye mashamba ya chai, kwa chini ya saa mbili za gari. Njia zake zina alama, lakini huingii bila kulipa na bila mwongozaji wa mbuga.

Kahuzi-Biega, mbuga iliyoundwa mwaka 1970, iko karibu zaidi na Bukavu, na kituo chake cha Tshivanga kinajulikana na kila mtu. Jibu letu kuihusu liko kwenye swali linalofuata.

Usalama je?

Hili si swali la kujibiwa mara moja kwa mwaka mzima. Ulize siku mbili kabla ya safari, kisha tena asubuhi yenyewe. Waulize watu watatu wasiokaa pamoja: shefu wa kijiji unakokwenda, mwenye boti au gari anayefika huko kila wiki, na muuguzi wa kituo cha afya. Majibu yao yakitofautiana, usiende. Ndani ya mbuga za Kahuzi-Biega na Virunga usikanyage bila walinzi wa mbuga na ruhusa ya ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia mbuga. Wakisema imefungwa, imefungwa, hata kama kijana mmoja barabarani anakuambia anajua njia ya nyuma.

Usipige picha askari, vizuizi wala madaraja. Kipande chochote cha chuma kilicholala msituni usikiguse wala usikipige teke. Weka alama ya kitambaa mbali kidogo, umwambie shefu.

Mpakani nibebe nini?

Hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Masharti na saa za kufunga hubadilika, kwa hiyo uliza kwanza DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo. Jambo linalowashangaza wengi ni mifuko ya plastiki: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008 na wanaipekua mpakani. Kama nguo zako umezifunga kwenye sashe, utabaki unazikumbatia mikononi. Tumia mfuko wa turubai au gunia safi lenye kamba.

Simu yako, ukiwa kando ya ziwa, itadaka mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza na kumaliza yuniti. Zima huduma ya mtandao wa nje, pakua ramani ukiwa bado mjini, na iweke simu katika hali ya ndegeni. Betri itadumu siku tatu badala ya moja.

Viatu gani?

Viatu ndivyo vinavyoharibu safari nyingi kuliko kitu kingine.

Mabuti ya mpira yanafaa kwa saa mbili za matope. Zaidi ya hapo kisigino hucheza ndani na kuchubuka. Ukiyavaa, vaa soksi mbili, nyembamba ndani na nene nje. Kwa siku kadhaa ni bora kiatu chenye soli yenye meno marefu, kinachokushika kisigino na kuacha nafasi ya kidole gumba mbele ya vidole vyako, kwa sababu kwenye mteremko mguu husukumwa mbele na kucha huumia.

Viatu vizuri vya mitumba vinapatikana Kadutu (Bukavu) na Birere (Goma), lakini kuna mtego. Soli ya kati ya viatu vingi vya milimani ni povu ambalo huoza kwa unyevu wa miaka hata kama ngozi ya juu inang'aa. Bonyeza povu hilo kwa ukucha: likimeguka au likinata, kirudishe. Kikunje katikati mara kumi ukisikiliza mlio wa gundi inayoachia. Soli iliyotoka siku ya pili msituni haina dawa zaidi ya kuifunga kwa kamba, na kamba hukatika. Kwa lava ya Goma, chagua soli ngumu usiyoweza kuikunja kwa mkono mmoja. Soli laini ya viatu vya mbio hupasuka.

Mahali mguuni pakianza kuwaka moto, simama hapohapo. Kausha, bandika sparadra bila mikunjo, endelea. Ukingoja kituo kinachofuata tayari ni lengelenge. Lengelenge dogo usilitoboe. Kubwa linalouma, litoboe pembeni kwa sindano iliyochomwa motoni, acha ngozi mahali pake, funika.

Mzigo uwe kilo ngapi?

Moja ya tano ya uzito wako, isizidi. Mtu wa kilo 60 abebe kilo 12 pamoja na maji. Ukijikuta na 15, toa kwanza nguo: moja ya kutembelea na moja kavu ya kulalia zinatosha, na ile kavu haivaliwi mchana hata mvua ikunyeshee vipi. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari na migongo iko juu zaidi. Mtu aliyelowa usiku anaweza kutetemeka mpaka akachanganyikiwa. Sweta la sufu linapasha hata likiwa na unyevu. Fulana ya pamba haipashi.

Maji nipate wapi, na niyafanyeje?

Hesabu nusu lita kwa saa ya kutembea, lita tatu kwa siku ya jua. Upande wa lava beba yote tangu asubuhi. Upande wa kusini vijito ni vingi, lakini juu ya kila kijito kuna shamba au ng'ombe, na kipindupindu kinarudi mara kwa mara kwenye mwambao huu. Kwa hiyo maji ya ziwa na ya kijito yote yatibiwe.

Kuchemsha ndiko kwa uhakika. Kwenye kimo cha ziwa maji huchemka karibu nyuzi 95, na dakika moja ya kuchemka kwa nguvu inatosha. Ukiwa juu ya mita 2,000, chemsha dakika tatu. Vidonge vya klorini ni vyepesi kubeba: chuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, weka kidonge kulingana na lita zilizoandikwa kwenye pakiti, ngoja dakika 30. Kwenye maji ya matope klorini huishia kwenye tope na vijidudu hubaki. Huna kuni wala vidonge? Chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita mbili, yenye maji yasiyo na uchafu, ilazwe juani saa sita. Siku za mawingu, siku mbili.

Tumbo likiharibika: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kunywa kidogo kidogo kila baada ya choo.

Chakula kipi kinavumilia njia?

Karanga za kukaanga, chikwange, viazi vitamu vya kuchemsha (kula siku ya kwanza), sambaza zilizokauka na jibini ya Masisi, ambayo ikifungwa kwa kitambaa hukaa siku nne bila shida. Sambaza, kwa taarifa, hazikuwepo Kivu. Zililetwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Ndizi na nanasi nunua njiani, usizibebe.

Siafu, nyoka, sokwe?

Siafu ndio utakaokutana nao. Ingiza suruali ndani ya soksi, tazama chini kila unaposimama. Wakikupanda, kimbia hatua thelathini kwanza, ndipo uwatoe mmoja mmoja. Nyoka husikia mtetemo na kuondoka, basi tembea kwa kishindo na usiingize mkono usipoona. Kwa sokwe na masokwe wakubwa (gorila), kaa mita kumi mbali na uvae barakoa, maana mafua yetu yanawaua. Ukiwa na kikohozi baki nje.

Tulale wapi?

Omba kwa shefu kabla jua halijashuka; mara nyingi utapewa uwanja wa shule au wa parokia. Usilale kwenye mdomo wa kijito, hata kama ni tambarare na pazuri kuliko kwingine. Tambarare hiyo imejengwa na mafuriko. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, vijiji vya mwambao vya namna hiyohiyo, vilifunikwa na maji, matope na mawe yaliyoshuka kutoka milimani, na watu zaidi ya 400 walikufa. Chini ya mikaratusi pia usilale siku ya upepo. Matawi yake huvunjika bila ishara.

Choo: shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, hatua 70 kutoka maji yoyote, kisha fukia.

Tukirudi kwa boti?

Panda ya asubuhi, kabla upepo haujaamka. Tazama mstari wa maji ubavuni: kukiwa chini ya kiganja kimoja kati ya maji na ukingo, shuka hata kama umeshalipa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona tayari kwa macho, na ilikuwa imejaa kupita kiasi. Koti la kuelea livaliwe na kufungwa kabla ya kuondoka; lililofungiwa chini ya mizigo halimsaidii mtu. Legeza mikanda ya mfuko wako ili uweze kuuacha.

Naweza kuogelea?

Mamba hawapo Kivu. Kichocho kipo sehemu kadhaa za ziwa, hasa kwenye maji yaliyotulia penye majani na konokono, kwa hiyo ingia penye mawe na maji yanayocheza, toka mapema, jifute kwa nguvu. Ukipata homa, vipele au damu kwenye choo hata miezi miwili baada ya safari, mwambie muuguzi wazi kwamba ulitembea msituni na ulioga ziwani, na siku ulizofanya hivyo. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo. Kimo cha Bukavu hakiizuii, na ghubani mbu ni wengi kuliko mjini.